Kupanga fomula na sampuli za malighafi kwenye karakana ya vipodozi

Mtengenezaji wa sabuni na losheni aliyeko Kigoma ana bahati yake: mawese yapo Mwandiga na Simbo, mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) inakamuliwa palepale, na nta ya nyuki inashuka na reli kutoka Tabora. Aliyeko Tabora nta anayo mlangoni, mafuta ndiyo yanayosafiri kumfuata. Ila bahati hiyo ina kasoro. Malighafi ya kiwandani huja na karatasi yake na haibadiliki sana mzigo hadi mzigo. Mawese ya mashine ya mtaani hubadilika dumu kwa dumu. Fomula iliyokupa sabuni nzuri Januari inaweza kukutoa jasho Aprili, na kama hukuandika ni dumu lipi lilitumika, huna pa kuanzia kutafuta.

Mwongozo huu ni wa chumba kimoja chenye meza, shelfu mbili tatu, mizani, na watu wasiozidi wanne. Kazi ya kwanza itakula siku nzima. Baada ya hapo ni dakika chache kila jioni.

Hatua ya 1: Toa kila kitu

Shusha shelfu yote. Chupa, madumu, makopo na mifuko ya nailoni iliyopigwa fundo, vyote viwe juu ya turubai. Gawa mafungu matatu: vyenye lebo ya muuzaji inayosomeka, visivyo na lebo lakini risiti au mfuko wa awali unathibitisha ni nini, na vile ambavyo hakuna ajuaye.

Fungu la tatu halirudi kwenye shelfu, hata kama lilinunuliwa kwa bei kubwa. Usinuse wala kuonja ili kukisia. Unga mweupe usio na jina unaweza kuwa magadi, asidi ya ndimu, kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) iliyolowa, au ile poda ya kung'arisha ngozi yenye zebaki au haidrokwinoni, ambayo hairuhusiwi kabisa kwenye vipodozi nchini. Usiumwage chooni wala mtaroni. Ufunge kwenye kopo la plastiki, uandike HAIJULIKANI, uulize Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuuteketeza.

Hatua ya 2: Malighafi namba yake, mzigo namba yake

Majina ya mtaani yana mitego. "Soda" mmoja anamaanisha kostiki, mwingine magadi. "Nta" inaweza kuwa ya nyuki au ya mishumaa. Mawese meupe na mise iliyosafishwa, zikiganda asubuhi ya Juni, huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Chukua kaunta buku moja ngumu, iwe rejista ya malighafi, ukurasa mmoja kwa kila malighafi. Juu andika namba: M kwa mafuta, N kwa nta na siagi za mimea, U kwa unga na chumvi, V kwa vihifadhi, H kwa harufu, MJ kwa maji. Basi M001 ni mawese mekundu, M002 mawese meupe, M003 mise, na kuendelea. Chini ya namba weka jina la mtaani, jina la INCI (jina la kimataifa la viambato vya vipodozi), ambalo ndilo linaloandikwa kwenye lebo ya bidhaa, na namba ya CAS (namba ya utambulisho wa kemikali). Mawese ni Elaeis Guineensis Oil, 8002-75-3. Nta ya nyuki ni Cera Alba, 8012-89-3. Kostiki ni Sodium Hydroxide, 1310-73-2. Glisirini ni Glycerin, 56-81-5. Muuzaji anaweza kubadili jina la biashara kila mwaka, namba ya CAS inabaki ileile.

Sehemu ya chini ya ukurasa iwe jedwali la mizigo: namba ya mzigo, siku ulipofika, muuzaji, kiasi, mwisho wa matumizi, siku ulipofunguliwa, matokeo ya vipimo. Mzigo wa saba wa mise unaitwa M003-07. Namba hiyo haipewi mzigo mwingine, hata dumu likiisha na kuoshwa.

Kwa mafuta ya mashine ya mtaani, kuandika jina la muuzaji peke yake hakutoshi. Andika kijiji, mashine, na siku ya kukamua kama inajulikana. Madumu matatu ya muuzaji mmoja, yaliyonunuliwa siku moja lakini yakatoka kwenye mapishi tofauti, ni mizigo mitatu. Wengi huyapa namba moja kwa uvivu, kisha wanashangaa sabuni ya dumu la pili kuganda sufuriani kabla haijafika kwenye fremu.

Kuhusu lebo zenyewe, mambo matatu tu. Ikae kwenye mwili wa chombo, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana vikioshwa pamoja. Andika kwa kalamu ya wino wa kawaida au penseli, kisha pitisha selotepu pana juu yake; wino wa makapeni hufutika mara moja ukiguswa na spiriti au harufu. Na tarehe ianze na mwaka, mfano 2025-03-09, kwa sababu 3/9 mmoja atasoma Machi na mwingine Septemba.

Hatua ya 3: Kuchukua sampuli

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, na mawese ndiyo mfano wenyewe.

Dumu la lita 20 la mawese mekundu likitulia siku mbili tatu hujigawa. Juu yanakaa mafuta mekundu yanayomiminika kama maji, chini kunabaki uji mzito wa rangi ya chungwa iliyopauka. Ya juu yana wingi wa oleini (sehemu laini ya mafuta), ya chini yana wingi wa stearini (sehemu ngumu). Ukimimina sampuli juu juu, umechukua mafuta mengine kabisa na yale yatakayobaki mwisho wa dumu. Sabuni ya nusu ya kwanza itakuwa laini na ya nusu ya pili ngumu, kwa fomula moja, na utailaumu kostiki bure.

Kwa hiyo lisimamishe dumu kwenye beseni la maji ya moto, kifuniko kikiwa kimelegezwa, hadi mafuta yafike nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. Ingiza mwiko mrefu hadi chini, ukikwangua kona. Yakiwa tayari, hutasikia punje wala utelezi wa uji. Koroga dakika mbili, halafu chota mara moja. Ukiona maji au tope limekaa chini, liandike kwenye rejista. Hilo nalo ni tokeo.

Jaza chupa mbili za kahawia za mililita 100, zile za dawa, hadi shingoni, maana hewa inayobaki ndiyo inayochachisha. Moja iandike R, ya rejea, haifunguliwi mpaka kutokee utata. Nyingine J, ya majaribio. Usitumie chupa nyeupe. Mwanga unaila rangi ya mawese, na sampuli iliyopauka dirishani itakudanganya kwamba mzigo mpya umeungua.

Kama una bureti (mrija wa maabara wenye vipimo), pima asidi ya kila mzigo wa mawese. Chukua spiriti ya maabara mililita 50, weka matone machache ya fenoftalini (dawa inayogeuka waridi penye alkali), ongeza kostiki ya 0.1 N (gramu 4 kwa lita ya mchanganyiko) tone kwa tone mpaka iwe waridi hafifu. Ndipo utie mafuta gramu 2.5, upashe moto kidogo mbali na mwali, na uendelee kudondosha kostiki huku ukitikisa mpaka uwaridi udumu sekunde 30. Wekundu wa mawese huficha rangi hiyo. Acha kitulie kidogo na utazame tabaka la spiriti linalokaa juu. Asilimia ya asidi ni 25.6 × 0.1 × mililita zilizotumika ÷ gramu za mafuta. Ukitumia mililita 5, jibu ni 5.1%. Mawese yaliyokaa muda mrefu kabla ya kukamuliwa hutoa namba kubwa, na kadiri inavyopanda ndivyo sabuni inavyoganda haraka. Mzigo wa namba kubwa usiutupe. Uutumie kwa joto la chini zaidi na uandike hivyo.

Nta ya nyuki: usichukue kipande cha pembeni. Vunja mabonge matatu tofauti, chukua cha katikati kwa kila moja. Nta safi huyeyuka kati ya nyuzi 61 na 65, lakini usiamini joto peke yake, kwa sababu kuna parafini inayoyeyuka humohumo. Finyanga kipande kwa vidole: nta ya nyuki hulainika na kunata kidogo, iliyochanganywa na parafini huteleza na kumeguka. Ikiwa ya kijivu au ya kijani, uliza iliyeyushiwa kwenye nini. Chuma na shaba huibadilisha rangi. Kwa midomo na ngozi mzigo huo uuweke kando.

Kostiki haiwekewi sampuli. Kila ukiifungua inanyonya unyevu na kabonidayoksaidi na kupungua nguvu. Siku mfuko wa kilo 25 unapofika, ugawe wote kwenye makopo ya plastiki nene ya kilo moja moja yenye kifuniko cha kubana, kila kopo likiwa na namba ileile ya mzigo, na ufungue moja kwa wakati. Usitumie chombo cha alumini. Kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Vaa miwani na glovu. Ikikugusa, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, si siki.

Hatua ya 4: Karatasi ya fomula

Fomula moja, toleo moja, ukurasa mmoja. Usiandike majina ya malighafi peke yake. Andika namba zake. Kiasi kiwe kwa asilimia na jumla iwe 100.0 kamili. Gawa sehemu A, B na C kwa mpangilio wa kuchanganya.

Huu ni ukurasa wa losheni, L02 toleo la 3. Sehemu A: maji 74.0, glisirini 4.0. Sehemu B: mafuta ya alizeti 12.0, emalsifaya (kile kinachoshikanisha maji na mafuta) 6.0, alkoholi ya setili 2.5. Sehemu C, baada ya kupoa chini ya nyuzi 40: kihifadhi cha fenoksiethanoli 0.9, harufu 0.4, vitamini E 0.2. Jumlisha. Ikitoka 99.6 au 100.4, usiendelee, kuna namba uliyoinakili vibaya.

Asilimia ina faida nyingine: inakuonyesha kama mizani yako inatosha. Kwa bechi (mchanganyo mmoja) ya kilo 2, fenoksiethanoli ni gramu 18. Mizani ya jikoni inayoruka gramu tano tano itakupa 15 au 20. Kwa 15 umeshuka hadi 0.75% na losheni inaweza kuota ukungu. Kwa 20 umegusa 1.0%, ambayo ndiyo kikomo katika kanuni za Umoja wa Ulaya. Vihifadhi na harufu vipimwe kwa mizani ya 0.01 g. Kila asubuhi weka jiwe la gramu 100 juu ya kila mizani na uandike linasoma ngapi.

Sabuni ina hesabu yake. Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki: mawese 0.142 kwa gramu, mise 0.176, na kiandikwe kwenye ukurasa wa malighafi ili kisitafutwe kila mara. Kwa mawese gramu 700 na mise gramu 300: 99.4 + 52.8 = 152.2. Punguza 5% ili mafuta kidogo yabaki kwenye ngozi: 144.6. Ikiwa kostiki ina usafi wa 98%, gawanya kwa 0.98: gramu 147.6, kwa maji gramu 300. Kostiki huingia kwenye maji, si maji kwenye kostiki.

Sasa tazama lebo mbili zikibadilishana. Fomula inataka mise 700 na mawese meupe 300, kwa hiyo kostiki halisi ni gramu 157.5. Mtu anachukua madumu kwa kumbukumbu, anageuza, anamimina mawese 700 na mise 300. Mafuta hayo yanaweza kula gramu 152.2 tu. Gramu 5.3 za kostiki zinabaki huru ndani ya sabuni. Inaganda vizuri, inakatika vizuri, inanukia, na inachoma ngozi. Ndiyo sababu karatasi inasema M003-07 na siyo "mise".

Ukibadili chochote, hata harufu kutoka 0.4 kwenda 0.5, ni toleo jipya na ukurasa mpya. Usikwangue wala kuandika juu ya namba ya zamani. Toleo lililoshindwa nalo libaki, na chini yake sababu kwa sentensi moja: "ilikatika (maji na mafuta yaliachana) siku ya 14 kwenye joto" inatosha. Badili kitu kimoja kwa toleo. Ukibadili vitatu na ikapona, hujui kilichoiponya.

Hatua ya 5: Karatasi ya bechi

Fomula husema kinachotakiwa, bechi husema kilichotokea. Ni karatasi mbili. Kwenye ya bechi weka: namba ya fomula na toleo, tarehe, namba kamili ya mzigo wa kila malighafi, uzito uliotakiwa, uzito uliopimwa kweli, joto la kuchanganya, pH (kipimo cha asidi na alkali) ya mwisho, na sahihi mbili, ya aliyepima na ya aliyesimama pembeni akitazama mizani. Weka alama ya vema papo hapo kila unapomimina. Anayejaza karatasi jioni kwa kukumbuka anaandika fomula, siyo bechi.

Kila bechi itoe bakizo (sampuli ya kubaki nayo) moja kwenye chombo kilekile kinachouzwa. Likae hadi mwisho wa matumizi na miezi 6 zaidi. Mteja akirudi na kopo lililobadilika rangi, la kwanza kufanya ni kulinganisha na bakizo. Likiwa zima, tatizo liko alikolihifadhi. Likiwa limebadilika, rudi kwenye karatasi.

Karatasi hizi ndizo utakazoulizwa ukisajili bidhaa. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa).

Hatua ya 6: Shelfu

Chumba kikae upande usiopigwa na jua la mchana. Spiriti iwe mbali na jiko. Kostiki na asidi ya ndimu visikae shelfu moja, na kostiki iwe chini ya usawa wa macho, ndani ya trei ya plastiki. Harufu zote kwenye kabati lake lililofungwa: nta na siagi ya shea hunyonya harufu ya jirani, na utauza mafuta ya midomo yanayonukia mchaichai bila kuutia.

Ndani ya kila kundi, kinachoisha mapema kikae mbele, hata kama kilinunuliwa baadaye.

Usiweke kaunta buku rafu ya chini. Tabora mchwa hawaombi ruhusa. Na panya hula sabuni na mafuta yaliyoganda, kwa hiyo bakizo ziwe kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana. Piga picha kila ukurasa mpya kwa simu siku hiyohiyo na uitume kwenye barua pepe ya karakana. Simu nazo huzama ziwani.

Hatua ya 7: Sampuli za muda

Kila toleo jipya ligawe sehemu tatu: friji nyuzi 4, shelfu ya kawaida, na joto la nyuzi 40. Kwa joto huhitaji kifaa cha bei kubwa. Mashine ndogo ya kutotolea vifaranga, yenye thermostati, hufanya kazi hiyo vizuri ukiipandisha kutoka 37.5. Weka themometa ya pili ndani, maana ile ya mashine hukosea.

Andika kwenye lebo toleo, sehemu, na siku za kutazama: 1, 7, 14, 30, 60, 90. Kila siku hizo andika rangi, harufu, pH, utengano, na uzito wa chupa nzima. Uzito ukishuka, kifuniko kinavuja, na mabadiliko mengine yote unayoyaona huenda ni ya kukauka tu. Losheni ikikatika kwenye joto wiki ya kwanza, anza na emalsifaya. Ikinuka kama korosho za zamani mwezi wa pili, mafuta yamechacha. Rudi kwenye chupa J ya mzigo ule uinuse.

Kupima kama mpangilio unafanya kazi

Mara moja kwa mwezi chukua mche mmoja wa sabuni dukani, bila kuchagua. Ndani ya dakika 10 uweze kutaja madumu yaliyoutengeneza, mfuko wa kostiki, na aliyepima. Kisha geuza: chukua dumu moja, utaje bechi zote lililoingia.

Mafuta hupatikana upesi. Kinachokwama karibu kila mara ni maji, kwa sababu hayanunuliwi, yanafunguliwa bombani na hakuna anayeyapa namba. Nayo si kitu kimoja. Ya Ziwa Tanganyika yana magnesi nyingi na pH yake hukaribia 9. Magnesi hiyo hushikana na sabuni na kuacha ukoko mweupe, na pH ya juu huvuruga vihifadhi vinavyotaka asidi, kama benzoeti ya sodiamu. Ya mvua kutoka kwenye bati ni laini lakini yana vumbi na vijidudu. Maji yaliyokenekwa yapewe MJ001, ya mvua MJ002, ya ziwa MJ003, na kila dumu tarehe yake.